Wekundu wa Taa za Nyuma

Gari likishavuka miaka ishirini, uzee wake huuona kwanza yule anayelifuata. Injini ya Mark II inaweza kuwa bado imetulia, bodi imepigwa rangi upya na viti vimeshonwa vizuri, lakini taa za nyuma zikatoboa siri. Jua la pwani limekula rangi mpaka nyekundu imekuwa waridi, na plastiki imejaa nyufa nyembamba unazoziona tu ukiinama karibu. Nyufa nyingine si za jua. Ni za mwosha magari aliyetaka kutoa lami haraka akasugua taa kwa petroli au thina. Akriliki inayotengenezewa vioo vya taa haivumilii vitu hivyo.

Mafundi wa magari nawaheshimu wote, ila huyu wa taa za nyuma nina mapenzi naye ya pekee. Anafanyia kazi kitu ambacho mwanga lazima upite ndani yake. Anayenyoosha bodi ana pati na rangi ya kufunika makosa yake. Huyu hana pa kuficha: mchana jua litamuumbua kwa nje, usiku balbu itamuumbua kwa ndani.

Kazi inaanzia kwenye kutafuta. Ukienda Gerezani, kule Shauri Moyo, ukasema unataka taa za Mark II, muuzaji anayejua kazi yake hanyanyuki kwenye kiti. Atakuuliza Mark II ipi. Toleo la GX100 peke yake lilitengenezwa kuanzia 1996 hadi 2000, na mwaka 1998 likafanyiwa marekebisho ya sura. Chaser na Cresta ni ndugu zake, wanachangia vyuma vingi vya chini, lakini kila mmoja ana mgongo wake na taa zake. Qualis ina jina la Mark II na ni gari jingine kabisa. Kwa hiyo fundi wangu haendi na jina la gari. Huifungua ile taa mbovu, akaifuta kona kwa kidole chenye mate, akasoma maandishi madogo yaliyochapwa ndani ya plastiki: jina la kiwanda, Koito au Stanley au Ichikoh, kisha namba. Namba hiyo ndiyo anayoitaja dukani. (Koito hao walianza mwaka 1915 kwa kuuza lenzi za taa za ishara za reli. Nikiifikiria historia hiyo, naona kioo cha taa kilichotupwa pembeni ya gereji kinastahili heshima zaidi.)

Taa za mtumba kutoka Japani zikiletwa mezani, fundi haziangalii kwanza kwa mbele. Anazigeuza. Anahesabu skrubu za kufungia, maana ikikatika moja taa haitakaa sawasawa milele. Anapitisha kucha kwenye ukingo ambako kioo kimeungana na boksi, kuona kama gundi ni ya kiwandani au kuna mtu aliwahi kuifungua akairudishia silikoni. Ananusa tundu la balbu, maana taa iliyowahi kukaa na maji ina harufu yake. Mwisho ndipo anaiinua juani na kuizungusha taratibu, na nyufa zilizokuwa zimejificha hujitokeza zote. Na hanunui moja hata kama iliyovunjika ni moja, mteja akikubali. Gari linalolazwa mahali pamoja kila siku hupauka upande mmoja kuliko mwingine, na taa mbili zisizolingana hulifanya lionekane limepata ajali hata kama halijawahi.

Sasa tinti. Vijana wengi wanataka taa nyeusi, na mafundi wengi huwapa: kopo la rangi nyeusi ya moshi, mikono miwili mitatu, basi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 7 inataka taa ya breki itoe angalau kandela 60 ikitazamwa moja kwa moja, na taa ndogo ya usiku angalau 4. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia dereva wa nyuma kwamba mwenzake ameshika breki. Ndani ya taa kwa kawaida kuna balbu moja yenye nyaya mbili, ya wati 5 kwa taa ndogo na ya wati 21 kwa breki, na vipini vyake viwili havikai kimo kimoja ili asije mtu akaiingiza kinyume. Tinti nyeusi inayopitisha nusu ya mwanga inaikata breki nusu. Juani saa saba mchana, breki ya namna hiyo ni kama haipo.

Fundi ninayemsema hapa hatumii nyeusi. Anatumia nyekundu inayopitisha mwanga, matone machache ndani ya klia, ile vanishi isiyo na rangi. Kioo chekundu tayari kinazuia rangi nyingine zote na kuachia nyekundu ipite. Ukiongeza nyekundu juu ya nyekundu, unachozuia kwa sehemu kubwa ni kile kilichokuwa kimeshazuiwa. Mchana taa inaonekana nzito, imeiva, karibu na damu ya mzee. Usiku imepoteza kidogo sana. Huo ndio ufundi wenyewe, na kuujua kunahitaji mtu aliyekaa akafikiria mwanga unafanya nini.

Anaosha kwa sabuni na maji. Anapiga msasa wa maji namba 800, kisha 1000, kisha 1500, mpaka kioo kinakuwa cheupe cha ukungu na mteja mgeni anadhani kimeharibiwa. Indiketa na rivasi anazifunika kwa tepu ya karatasi, na anaibana tepu kwa ukucha kwenye mfereji unaotenganisha rangi. Anafunika pia ile sehemu yenye vijipembe vidogo vingi mithili ya sega la nyuki, riflekta, inayorudisha mwanga wa gari jingine kulikotoka. Hapo hana mjadala na mtu. Tinti inayopitisha asilimia 70 hupitiwa na mwanga mara mbili, kuingia na kutoka, na kinachorudi ni asilimia 49. Lori likikuta gari limezima barabara ya Morogoro usiku, betri imekufa, riflekta ndiyo pekee inayobaki kusema.

“Fundi, ongeza mkono mmoja tu, ikolee,” mteja mmoja alimwambia nikiwa nimeketi pale.

“Bosi, ingia ndani ukanyage breki,” alimjibu, akarudi nyuma hatua kadhaa akatazama, kisha akamwita yule mteja naye aje atazame huku yeye akikanyaga. Mkono wa ziada haukupigwa.

Siku ya mvua hapulizi. Hewa yenye unyevu huifanya klia iwe na weupe kama pumzi kwenye kioo, na weupe huo haufutiki kirahisi. Anangoja asubuhi ikauke, anamwagia sakafu maji ili vumbi litulie, ndipo anawasha kompresa. Mkono wa kwanza ni mwembamba kiasi kwamba huuoni. Anasubiri. Wa pili, anasubiri tena. Klia ya mwisho ikikauka vizuri, msasa namba 2000, kisha polishi.

Kabla ya kufunga anabadilisha sponji ya nyuma ya taa, kwa kuwa ile ya zamani imeshalala na haitazuia masika. Anakaza nati kwa spana namba 10, kwa zamu, bila kulazimisha. Kisha anamwagia maji kwa mpira huku kijana wake amejikunja ndani ya buti na tochi. Likionekana tone moja, taa inatoka yote, hata kama mwenye gari ameshashika funguo mkononi.