Wasia na Maombolezo: Sauti ya Mzazi Katika Ushairi

Makala haya yanachunguza namna washairi wa Kiswahili wanavyoeleza hisia za mzazi kwa mtoto, kisha yanauliza iwapo umbo tulilorithi linamtosha mtunzi wa Beni na Butembo, Kivu ya Kaskazini.

Umbo hilo ni wasia. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mnamo 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Anamwita aketi karibu na wino na karatasi, amsikilize. Katika karne iliyofuata Shaaban Robert (1909–1962) alimtungia bintiye *Utenzi wa Hati* na mwanawe wa kiume *Utenzi wa Adili*. Aghalabu tungo hizi husomwa kama mafunzo ya dini, ndoa na tabia njema. Usomaji huo ni sahihi, lakini haukamiliki. Mama anayehisi kuwa siku zake ni chache haelezi hofu yake waziwazi, bali humwekea mtoto akiba ya maneno. Nasaha yenyewe ndiyo inayobeba mapenzi na huzuni.

Hata hivyo, wasia una sharti moja: mzazi hutangulia, mtoto hubaki. Katika eneo la Beni, mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 yamewalazimu wazazi wengi kuwazika watoto wao. Ukafuata ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Beni, Butembo na Katwa ziliathirika sana, na jamaa walizuiwa kuwaosha na kuwagusa maiti wao. Je, mtunzi amuusie nani, ikiwa wa kuusiwa ndiye aliyekufa?

Kwa maoni yetu, tusishikilie umbo la wasia; tushike ile njia yake ya kusema kwa kuficha. Lugha za mahali hapa zinaiwezesha njia hiyo. Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka ni wa tatu. Shairi linalomlilia Kambale limekwisha kutaja, bila maelezo, kuwa yuko kaka aliyemtangulia, na pengo linaonekana katika hesabu ya ndugu. Hali kadhalika, Kiswahili sanifu humuunganisha mzazi na mtoto katika neno moja, “mwanangu”, ilhali Kiswahili cha mitaani Butembo husema “mutoto yangu”, maneno mawili yaliyosimama mbalimbali. Mwalimu akilisahihisha neno hilo katika shairi la maombolezo, huenda akafuta utengano ambao mtunzi alikusudia usikike.

Hapana budi, basi, mhakiki aupime ushairi wa aina hii kwa jinsi unavyomwezesha msomaji kuhisi kile kisichotamkwa. Wingi wa machozi yaliyotajwa si kipimo, wala usanifu wa sarufi peke yake. Wanafunzi wa Kivu, ambao wengi wao huzungumza Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani, wana nafasi njema ya kuianza kazi hiyo, kwa kukusanya tungo za wazazi waliofiwa na kuzihifadhi katika lugha ileile zilimotungwa.