Ua Lililomo Ndani ya Mraba

Mtu akipewa karatasi yenye pande nne sawa na kuambiwa kwamba ndani yake mna ua, ana haki ya kutilia shaka. Hana mkasi, hana gundi, hana uzi wala waya; ana vidole vyake tu. Hata hivyo ua hutokea, na likikunjuliwa hurudi kuwa mraba uleule, bila kuongezwa kitu wala kupunguzwa. Hiyo ndiyo origami, sanaa ya Wajapani ya kukunja karatasi, na maua ni mlango wake mwema kwa anayeanza. Wengi huisifu kwa kuwa inatuliza moyo na kupamba meza. Ni sifa za kweli, lakini ni ndogo mno kwa sanaa hii. Ninachodai hapa ni zaidi: kwamba ua la karatasi, hata lile jepesi kabisa, ni shule ya usahihi isiyo na mfano, kwa sababu uzuri wake wote hutokana na usahihi wa mikunjo yake. Mchoraji aweza kufunika kosa kwa rangi, na mshonaji kwa pindo. Mkunjaji hana pa kulifichia.

Tuchukue nyinyoro, ua la jadi ambalo Wajapani wamelikunja kwa vizazi vingi. Mraba hukunjwa kona kwa kona mara mbili, ukageuzwa, kisha ukakunjwa nusu kwa nusu mara mbili. Mistari hiyo minne huufanya mraba ujikusanye kuwa mraba mdogo wenye mbawa nne. Kila ubawa huinuliwa, hufunguliwa na kubonyezwa ulale sawasawa pande zote mbili za mstari wa katikati, kisha ukingo wake huvutwa juu ukatoa umbo la petali. Kazi hiyo hurudiwa mara nne. Kingo hukunjwa kuelekea katikati ili ua liwe jembamba, na mwisho ncha nne huviringishwa kwenye penseli zikajipinda kwa nje. Sasa tazama jinsi kosa linavyosafiri. Mkunjo wa kwanza ukienda kombo milimita 2, jicho halioni tatizo. Mbawa zinapokusanywa, kingo zinakataa kulingana. Ukifika ubawa wa nne, petali zimepishana na ncha ya ua imeinama upande. Mkunjo wa kwanza ndio unaoutawala wa mwisho, na karatasi haisahau: nyuzinyuzi zake zikishavunjika penye mkunjo, alama haifutiki. Lakini alama hiyo hiyo ni rehema kwa mwanafunzi. Aweza kulikunjua ua lake hatua kwa hatua, kurudi nyuma hadi pale lilipoanza kupotoka, na kuliona kosa kwa macho yake bila mwalimu wa kumkaripia. Usahihi hufundishwa katika kazi nyingine pia, ila seremala akikosea kipimo hupoteza ubao. Mkunjaji hupoteza ukurasa mmoja wa daftari.

Wala ukali huu wa karatasi haukutungwa na walimu. Ni sheria ya karatasi yenyewe. Katika umbo lolote linalokunjwa likalala bapa, kila nukta ya ndani ambapo mikunjo hukutana ina mikunjo ya bonde, inayoingia ndani, na mikunjo ya mlima, inayotokeza nje, na tofauti ya idadi zake daima ni 2. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Jun Maekawa. Anayeanza aweza kuihakiki katika mraba mdogo wa nyinyoro: katikati ya karatasi mikunjo inayofanya kazi ni 6, minne ya aina moja na miwili ya nyingine. Kanuni ya pili inahusu pembe zinazozunguka nukta hiyo: ukijumlisha pembe moja na kuruka moja, utapata nyuzi 180. Kanuni hii inabeba jina la Toshikazu Kawasaki, mwanahisabati wa Japani, na mtu huyohuyo ndiye aliyebuni waridi la karatasi linalojulikana duniani kote kwa jina lake. Sioni ushahidi ulio wazi kuliko huu. Akili iliyochunguza sheria ya pembe ndiyo iliyotoa waridi; na anayekunja tulipu yake ya kwanza anaitii sheria ileile, hata kama hajawahi kuisikia.

Yupo atakayesema kwamba huu ni mchezo wa watoto. Ni kweli, watoto wanaucheza, na waliouingiza katika elimu yao walijua walichokifanya. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliweka ukunjaji wa karatasi miongoni mwa kazi za mikono za wanafunzi wake. Chekechea ya mtindo huo ilipofunguliwa Tokyo mwaka 1876, mikunjo ya Ulaya ilikutana na ile ya Wajapani. Kutoka katika vifaa vya chekechea za mtindo huohuo, T. Sundara Rao wa India alipata wazo la kitabu alichokichapisha Madras mwaka 1893, kinachofundisha jiometri kwa kukunja karatasi. Na mwaka 1936 Margherita Beloch, mwanahisabati wa Italia, alionyesha kwamba mikunjo yaweza kutatua milinganyo ya daraja la tatu, jambo lisilowezekana kwa rula na bikari peke yake. Mchezo unaomchukua mtu kutoka chekechea hadi huko haustahili kudharauliwa kwa sababu tu mlango wake ni mfupi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mkunjaji anayefuata michoro hunakili tu, habuni. Hapa inafaa kumtazama Akira Yoshizawa, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2005. Alifanya kazi kiwandani, na huko aliwafundisha wafanyakazi vijana jiometri kwa kukunja karatasi. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 alieneza alama za mishale na mistari ya vipande zinazoonyesha bonde, mlima na mwelekeo wa mkono. Kwa alama hizo, mtu wa Mwanza asiyejua neno moja la Kijapani aweza kukunja ua lililobuniwa Tokyo. Je, huo ni unakili? Mchoro humwambia mwanafunzi mstari upite wapi. Haumwambii abonyeze kwa nguvu gani, asubiri kiasi gani kabla ya kuukaza mkunjo kwa kucha, wala petali ijipinde kiasi gani ili ua lionekane limechanua. Hayo anayaamua mwenyewe, na ndiyo yanayolitenga ua lake na la jirani yake.

Tena watauliza: kwa nini kukataa mkasi? Swali ni la haki, maana sheria hiyo si ya kale kama inavyodhaniwa. Senbazuru Orikata, kitabu kilichochapishwa Kyoto mwaka 1797, hufundisha kukunja korongo walioungana, na karatasi yao hukatwa. Kwa hiyo wakunjaji wa leo wamejifunga kwa hiari. Lakini mshairi wetu naye hujifunga kwa hiari anapokubali mizani 16 katika kila mshororo, na ni kifungo hicho kinachomlazimisha kutafuta neno ambalo asingelitafuta. Nyinyoro ya shambani ina petali sita, na ya karatasi ina nne, kwa kuwa mraba una kona nne. Ndiyo maana lawama kwamba ua la karatasi ni bandia hainishawishi. Halidai kuwa ua la bustani. Linaonyesha kile ambacho mraba, ukitendewa kwa uaminifu, una uwezo wa kuwa.

Basi anayetaka kuanza na aanze na tulipu, kwa kuwa mikunjo yake ni michache na hujazwa kwa pumzi. Baadaye aende kwenye nyinyoro. Karatasi ya A4 inatosha: kona ikilazwa kwenye ukingo wa pili na kipande kinachobaki kikaondolewa, mraba wa sentimita 21 umepatikana bila rula. Afanye kazi juu ya meza ngumu, alinganishe kona kabla ya kubonyeza, wala asiukaze mkunjo ambao bado una shaka. Ua la kwanza asilitupe. Alikunje lilelile tena na tena kwa karatasi za aina moja, kisha ayapange pamoja na kuzitazama ncha. Karatasi ni ileile na michoro ni ileile. Kilichobadilika ni mkono wake, na ushahidi wake uko mbele yake mezani, ambapo hakuna wa kumdanganya wala wa kumpendelea.