Upuuzi Wenye Kanuni

Katika somo la ushairi, swali la kwanza aghalabu huwa moja: shairi hili latufunza nini? Swali hilo ni jema, kwa kuwa watungaji wetu wengi wamefanya kazi ya ualimu kwa kalamu zao. Lakini liko kundi la mashairi ambalo halina jibu la swali hilo, na likiulizwa hucheka. Nayo ni mashairi ya upuuzi, ambayo Waingereza waliyatungia watoto wao katika karne ya 19. Ndani yake bundi na paka husafiri baharini katika mashua moja, kisha wakaoana. Mashairi hayo hayaonyi, hayaelekezi, wala hayadai kusema kweli. Hata hivyo yameishi zaidi ya miaka mia, na watoto wangali wakiyapenda. Inafaa tuulize sababu.

Mtungaji wa bundi na paka alikuwa Edward Lear, aliyezaliwa London mwaka 1812. Kazi yake ilikuwa kuchora ndege na mandhari. Alipokuwa kijana aliitwa kuchora wanyama na ndege waliofugwa na ukoo wa Lord Derby, na huko akawatungia watoto wa nyumba ile mashairi ya kuchekesha. Mwaka 1846 aliyatoa katika kitabu. Kila shairi lina ubeti mmoja mfupi na picha yake, na ndani yake yumo mtu wa ajabu: huyu ana pua ndefu kupita kiasi, yule ana ndevu zilizojaa ndege. Pembeni husimama watu wengine, wasio na jina ila “wao”, wakimshangaa, wakimhoji, na mara nyingine wakimpiga. Lear mwenyewe alikuwa na kifafa tangu utotoni, akauficha ugonjwa wake kwa watu. Yumkini hii ndiyo sababu kicheko chake kina huzuni kwa chini. Mtoto anayesoma hucheka, lakini papo hapo hukutana na jambo analolijua vyema: uzito wa kuwa tofauti na wenzake.

Wa pili ni Lewis Carroll, ambaye jina lake la haki lilikuwa Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu huko Oxford. Kitabu chake juu ya msichana Alice kilitoka mwaka 1865, na mwaka 1940 kikatolewa kwa Kiswahili kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Katika zama zake watoto wa Uingereza walikaririshwa mashairi ya maadili. Moja, la Isaac Watts katika kitabu cha mwaka 1715, lilimsifu nyuki kwa bidii yake ya kazi. Carroll alichukua mwendo wa shairi lile, akamtoa nyuki, akamweka mamba mvivu anayewakaribisha samaki kinywani mwake kwa tabasamu. Matokeo yake ni ya ajabu: leo wengi wanaomjua nyuki wa Watts wamefikishwa kwake na mamba wa Carroll. Mafunzo yalisahauliwa, mzaha ukabaki.

Je, ni kwa sababu watoto huchukia mafunzo? Sidhani. Siri ni nyingine, nayo ni kwamba upuuzi mwema una kanuni kali. Ili jambo hili lionekane wazi, nimetunga ubeti huu kwa desturi ya ushairi wetu:

Kibungwiri cha mchana, kilibebwa na kichaka,
Kilimwona kamba jana, kanzu kamvisha nyoka,
Kikacheka kwa kuguna, meno yakarunguzika,
Usiku ulipofana, chini kukapambazuka.

Kibungwiri ni kitu gani? Hakimo katika kamusi yo yote. Lakini, msomaji, wewe wakijua kwa kiasi fulani. Wajua kuwa wawili wangeitwa vibungwiri. Wajua kuwa meno yalipatwa na jambo, na ya kuwa jambo hilo halikuwa jema sana. Nani aliyekufundisha? Ni lugha yenyewe. Ngeli imeshika kazi yake, kitenzi kimepatana na jina lake, mizani ni minane kwa minane, na vina havikupotea. Maana imeondoka, lakini nyumba ya lugha imebaki imesimama, na kwa kuwa ni tupu twaweza kuziona nguzo zake. Carroll alifanya hivyo hivyo katika shairi lake la Jabberwocky la mwaka 1871. Alibuni maneno mengi, lakini sarufi ya Kiingereza hakuigusa. Neno lake moja, “chortle”, sasa limo katika kamusi za Kiingereza.

Basi mtoto apendaye mashairi haya hafurahii fujo. Afurahia kuona kuwa lugha, ambayo kila siku humwamrisha aje na aende, yaweza pia kucheza naye.

Si haki kuyasifu bila kuyapima. Beti fupi za Lear zina kasoro iliyo wazi: mstari wa mwisho mara nyingi hurudia neno la mwisho la mstari wa kwanza, na msomaji aliyengoja jambo jipya hurudishwa mlangoni alikoingilia. Zikisomwa ishirini mfululizo huchosha. Tena wako waigaji wanaodhani kuwa kurundika maneno ya ovyo kwatosha. Shairi lao hufa upesi, kwa kuwa halikuvunja cho chote. Hapakuwa na kanuni ndani yake tangu mwanzo.

Wala mtu asichukue hoja hii kuyadharau mashairi ya mawaidha. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni mawaidha tangu mwanzo hadi mwisho, nao uko hai. Uko hai kwa kuwa ndani ya mawaidha yale tunamsikia mama mgonjwa akimwusia binti yake. Mawaidha hayaliui shairi. Huliua shairi lisilo na kitu kingine ila mawaidha.

Kwa hiyo swali la somo la ushairi na liongezewe la pili: shairi hili linaifanyia lugha jambo gani? Mwanafunzi mwenye shaka na ajaribu kutunga ubeti mmoja wa upuuzi, wenye mizani na vina kamili, usio na maana hata kidogo. Atafuta maneno mara nyingi kabla hajafaulu, kwa kuwa maana ina tabia ya kurudi bila kualikwa.