Alizeti Zinachanua Agosti!

Saa mbili tu tangu niingie viwanja vya Nzuguni, Dodoma, na tayari viatu vimejaa udongo, mfuko umejaa vipeperushi, koo limenikauka kwa kushangaa. Maonyesho ya wakulima ya Nanenane 2024, ya kitaifa, acheni tu! Watu wa Dar es Salaam wameshuka na treni ya SGR, iliyozinduliwa rasmi juzi tarehe 1 Agosti, na hawasemi kingine. Sisi wa Singida tumekuja na basi letu, Ikungi, Manyoni, Bahi, na wala hatuwaonei wivu. Kidogo tu. Hapa ni kwetu pia: uwanja huu ni wa Kanda ya Kati nzima, Dodoma na Singida.

Matrekta nimeyapita bila hata kusimama. Nilikuwa nakimbilia vipando.

Mara ya kwanza nilifika hapa nikiwa darasa la nne, nimeshikwa mkono na mjomba. Kwetu mvua hukatika Aprili, na Agosti ni mwezi wa vumbi: alizeti zimeshavunwa, mabua yameishia kwa ng'ombe, shamba limebaki jekundu tupu. Basi mjomba akanipitisha kona moja, nikaziona. Alizeti! Zimesimama njano tupu, zimechanua, Agosti! Niliamini Dodoma wana masika yao ya siri. Mjomba akacheka, akanionyesha bomba la maji. Sikutaka kuliona.

Leo nimelitafuta bomba hilohilo kwa hamu. Kumbe sasa ni mipira myembamba ya matone, imelazwa kwenye kila mstari, na maji hayamwagiki ovyo. Nikachuchumaa kama mtoto. Vichwa vyote vya alizeti vimetazama mashariki. Vikiwa vichanga hufuata jua, vikikomaa vinatulia upande huo. Mtaalamu kijana alinieleza nafasi kati ya shina na shina, nikaitikia kwa kichwa huku nikiwa mbali, darasa la nne.

Kasoro? Vipaza sauti. Kila banda lina chake, vyote vinapiga kelele kwa pamoja, na anayenadi dawa ya kuku huwashinda wote.

Halafu mabanda ya Singida! Asali ya Itigi, nyeusi nzito. Vitunguu vyekundu vimepangwa utadhani mayai. Na mashine ndogo ya kukamua, inanguruma: mafuta yanachuruzika huku, mashudu yanatoka kule yakiwa bado ya moto. Niliomba kipande, nikanusa. Mjomba alikuwa na pikapu, na harufu yake ilikuwa hiyohiyo!

Nimenunua lita tano papo hapo. Ndiyo, nimepanda basi kutoka Singida hadi Dodoma kununua mafuta ya Singida, na sasa nawaza nitayarudishaje bila kumwagika kwenye mfuko wa vipeperushi.