Sifa ya Mchangamfu

Neno changamfu ni tunda la kitenzi changamka, nalo limepewa kiishio kile ambacho lugha yetu hukitumia pale tendo linapotuama moyoni mwa mtu hata likawa hulka yake, kama vile mwenye desturi ya kukunjua uso aitwavyo mkunjufu. Basi aliyechangamka jana kwa sababu ya harusi hajastahili bado kuitwa mchangamfu. Wala mchangamfu si mcheshi: mcheshi ataka kusikilizwa, ilhali mchangamfu hukuacha ukidhani kwamba mcheshi ni wewe.

Asiyesadiki kwamba uchangamfu ni ufundi, na azingatie akina mama wauzao sokoni hapa kwetu Maniema, mashariki mwa Kongo. Mwaka 1871 msafiri David Livingstone alikaa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, si mbali na Kasongo, akawatazama wanawake waliofika wamejitwika mihogo mikavu na vyungu vya udongo ili wabadilishe kwa mawese, samaki, chumvi na pilipili. Naye, aliyekuwa mgonjwa na mchovu wa safari, akaandika kwamba kubishana bei, kutaniana na kucheka kulikuwa kwao ni starehe ya maisha. Naam, hata bei ilikuwa kisingizio cha mazungumzo.

Tarehe 15 Julai mwaka ule ule, katika soko hilo la Nyangwe lenye watu wapatao 1,500, watu wa msafara wa biashara waliwafyatulia bunduki; wengi wakajitupa mtoni wakazama, na waliokufa wakakadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Siku hiyo ilidhihirika kwamba uchangamfu ni amana: auzaye hufungua uso wake kwa mgeni kabla ya kumjua, akitumaini kuwa hatadhuriwa.

Kama vile uchangamfu unavyomhitaji mtu wa pili, katika sarufi nayo sifa hii haijitoshelezi. Hulifuata jina na kuvaa vazi lake, ndipo tukasema mtu mchangamfu, watu wachangamfu, mji mchangamfu, soko changamfu. Vivyo hivyo muuzaji wa mchele wa Kasongo: kwa mzee huzungumza kwa staha, kwa kijana kwa utani, na kwa aliyenuna huongeza konzi moja juu ya kipimo, kisha hulalamika kwa sauti kwamba ameibiwa, mpaka yule aliyenuna, pasipo kukusudia, anaanza kujitetea huku akicheka.