Sinia la Maulidi Kasongo

Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiandama, akina mama wa Kasongo, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, huanza na mpunga. Hutwangwa kinuni kwa zamu, kisha hupepetwa. Utazame mkono wa mpepetaji mzoefu: hurusha, huzungusha, huinamisha ungo kidogo. Makapi huruka, chenga hujitenga upande wake, punje nzima upande wake. Jiwe moja likimponyoka, mgeni atalikuta jinoni, kwa hiyo mpepetaji hana haraka.

Mpunga huo uliingia Maniema na watu wa pwani. Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, aliweka makao Kasongo miaka ya 1870, na biashara yake ya pembe na watumwa iliumiza nchi hii vibaya. Jeshi la Dhanis, kamanda Mbelgiji, liliuteka mji Aprili 1893. Daktari wake, Sidney Hinde, alistaajabia mashamba na bustani alizozikuta. Mabwana wale wa pwani waliondoka. Mpunga, Kiswahili na Uislamu vikabaki mikononi mwa wenyeji.

Sombe ni ya huku. Majani machanga ya muhogo hutwangwa mpaka nyuzi zikatike, kisha huchemshwa sana, maana yakiwa mabichi yana sumu, na mchi na moto ndivyo vinavyoiondoa. Mpishi hodari hakimbilii mawese. Hungoja harufu ya ubichi iishe, ndipo atie mawese, vitunguu na samaki mkavu wa mto Lualaba, apunguze kuni, aache mafuta yapande yenyewe. Wali nao hufuata desturi ya pwani: maji yakikauka, sufuria hufunikwa na kupaliwa makaa juu.

Si Kasongo tu inayokutanisha vyakula vya asili mbili: huko Vancouver, Kanada, Todd Wong alianzisha mwaka 1998 karamu ya kuunganisha Mwaka Mpya wa Kichina na kumbukumbu ya Robert Burns, mshairi wa Uskoti. Haggis ya Waskoti ikafungwa ndani ya wantani za Wachina. Kasongo haifungi kimoja ndani ya kingine. Wali hukaa chini, umechambuka. Sombe juu yake, nzito, na ladha yake yote. Vinachanganywa na mikono ya walaji waliozunguka sinia.

Wapishi hawa hawakuchagua kilichowafikia, ila namna ya kukipika wameichagua wao, wakawarithisha binti zao. Dua ya kufunga Maulidi ikiombwa, nao waombewe kwa sauti, sawa na wasomaji wa Maulidi.