Si kila fizi itokayo damu ni kiseyeye

Juma lililopita, nikisubiri matatu ya kwenda Meru, niliingia katika duka la dawa mjini Embu. Ukutani palikuwa na bango la afya ya kinywa lililoandikwa kwa Kiswahili, jambo ninaloliunga mkono daima. Kichwa chake kilisema: "Fizi zinatoka damu? Ni kiseyeye!" Chini yake palichorwa chungwa.

Mama mmoja kwenye foleni alinigeukia. "Mwalimu, mimi machungwa nakula kila siku na bado nikipiga mswaki natema damu. Sasa niongeze mangapi?"

Sidhani kuna mhakiki angelisema vizuri zaidi. Kiseyeye ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, ule uliowamaliza mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda. Ni vigumu umpate mtu anayekula machungwa kila siku, tena jirani ya Mbeere kwenye maembe tele. Fizi za wengi wetu huvuja damu kwa sababu ya ukoga. Hili ni neno letu, fupi na la zamani, lenye maana ya uchafu unaoganda kwenye meno. Bango halikulitumia hata mara moja. Liliandika "plaki", kana kwamba Kiswahili kimeishiwa.

Lakini kosa lililoniuma zaidi ni la sitiari. Bango linasema kinga ya mwili ni "askari wanaolinda fizi". Ni kweli, ila nusu. Katika damu mna protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa na ini, ambazo huamshana kwa zamu bakteria wanapovamia. Moja inayoitwa C3 ikikatwa, vipande vyake huwatia bakteria alama na kuita seli nyeupe za damu. Ukoga usipoondolewa, mwito huo haukomi. Fizi huvimba, na baada ya muda mwili wenyewe huanza kuula mfupa unaoshikilia jino. Askari waliotumwa kumkamata mwizi wanabomoa nyumba! Bakteria mmoja, Porphyromonas gingivalis, ni mjanja hata zaidi: hutumia vimeng'enya vyake kuikata protini ya C5, akazivuruga seli zilizokuja kumuua, kisha akajilisha kwa mabaki ya fizi zilizoharibika. Ndiyo maana watafiti wa Marekani walijaribu dawa inayoizuia C3, na mwaka 2021 wakaripoti kuwa uvimbe wa fizi ulipungua. Bado ni ya majaribio.

Protini hizo tuziiteje? Paul Ehrlich, mwishoni mwa karne ya 19, aliziita kwa Kijerumani jina lenye maana ya kitu kinachokamilisha, kwani zinakamilisha kazi ya kingamwili. Mwanafunzi wa sekondari anayejua kuwa katika "Juma ni mwalimu" neno "mwalimu" ni kijalizo, ameshaielewa dhana hiyo. Napendekeza "protini vijalizo". Wapo watakaoniambia hilo ni neno la sarufi. Basi na "mzizi" je, si wa mti, wa neno na wa jino?

Watu wa Meru hawana sababu ya kuona fani hii ni ya wageni. Profesa Jacob Kaimenyi, ambaye wengi wanamkumbuka kwa uwaziri wa elimu, ni mtaalamu wa magonjwa ya fizi, na aliwahi kuchunguza hata fizi za watafunaji miraa. Waandishi wa mabango wangeanza kwa kuwauliza wataalamu kama yeye.

Mama yule nilimwambia asiache machungwa, ila aende kwa daktari wa meno akwanguliwe ukoga uliokwisha kuwa mgumu, kwa maana mswaki hauuwezi tena. "Kumbe!" akasema. "Na mimi nilikuwa nimeacha kupiga mswaki hapo panapotoka damu, nisipaumize."